Makala mawili kabla ya PhD: wanaolalamika si wavivu

Kila ukizuka mjadala wa lile sharti la CUE, yaani Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu hapa Kenya, kwamba mwanafunzi wa PhD awe amechapisha makala mawili kwenye majarida yenye uhakiki (yaani wataalamu wengine husoma kazi kwanza ndipo ichapishwe) kabla hajavaa joho, wanaolipinga huambiwa tu ni wavivu. Ati wanataka udokta wa mteremko. Mi naona hao watu hawajasikilizwa, ingawa upande wa pili nao una hoja na si za kupuuza.

Hoja ya tume inaeleweka. Tasnifu nyingi zinaishia kwenye rafu ya maktaba, zimesomwa na sapavaiza, yaani wasimamizi, wawili na watahini wachache basi, na makala ndo yanaitoa hiyo kazi nje ikasomwe na mtu asiyemjua mwanafunzi wala chuo chake. Afu kuna heshima ya shahada yenyewe. Juni 2019 JKUAT, chuo kikuu cha Jomo Kenyatta, ilitoa PhD 118 kwenye mahafali moja, 89 kati ya hizo kutoka koleji moja tu, watu wakashtuka na CUE ikaingia kuchunguza. Ukikumbuka hayo, sharti la makala linaonekana kama kufuli ambalo lazima liwepo.

Lakini angalia tarehe. Sharti liko kwenye viwango vya CUE vya 2014, yaani kufuli lilikuwa mlangoni miaka mitano kabla ya mahafali hayo na bado kelele zikapigwa. Na watu walichokuwa wanauliza wakati ule ni nani alisimamia nani, mhadhiri mmoja ana wanafunzi wangapi, na alipata saa ngapi kuzisoma hizo kazi zote. Hayo ni maswali ya mafunzo na usimamizi, na jarida haliwezi kuyajibu.

Sasa njoo kwenye muda, maanake hapa ndo watu wanaumia. Mwanafunzi amemaliza tasnifu, anatuma makala kwenye jarida la maana, mhariri anatafuta wahakiki, na wahakiki hawalipwi kwa hiyo wanasoma wakipata nafasi, miezi inakwenda, yanarudi na masahihisho, anarekebisha, anatuma tena, na pengine mwisho wa yote yanakataliwa anaanza upya kwingine. Hayo ni makala moja, na anatakiwa awe na mawili. Muda wote huo bado ni mwanafunzi, ada inadaiwa, na kama ni mhadhiri msaidizi basi kupanda cheo kumesimama palepale. Mwenye sapavaiza anayejua kuandika na kukaa naye chini atatoboa. Yule ambaye sapavaiza wake hujibu imeili mara moja kwa semesta ataadhibiwa kwa uzembe usio wake.

Na hapo ndo majarida feki yanapoingia. Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado Denver, alikuwa na orodha ya wachapishaji wa kutiliwa shaka mpaka akaiondoa mtandaoni Januari 2017, lakini biashara yenyewe haikufa. Wanakuandikia wao kwanza, wanakusifia, wanaahidi kukuchapisha ndani ya siku chache, wewe tuma pesa tu. Jarida halali kama PLOS ONE linatoza zaidi ya dola 1,500, hiyo ni kama laki mbili za Kenya. Kweli yapo majarida halali yanayopunguza au kusamehe ada, na tovuti ya AJOL imekusanya mengi ya Afrika, lakini mtu mwenye dedilaini ya mahafali wiki ijayo hana muda wa kupanga foleni. Sharti lililowekwa kulinda ubora linamsukuma kwa wale wasiosoma hata ukurasa mmoja wa kazi yake.

Wanaoniuma zaidi ni wanaoandika kwa Kiswahili. Majarida yetu unayahesabu kwa vidole: Mulika, Kiswahili na Kioo cha Lugha pale Dar es Salaam, Mwanga wa Lugha pale Chuo Kikuu cha Moi, Swahili Forum kule Ujerumani, na mengine machache. Yanatoka mara chache kwa mwaka, na humo humo maprofesa wanaotafuta vyeo wanatuma zao. Mtu aliyechambua tenzi za Lamu kwa Kiswahili fasaha anajikuta anatafsiri kazi yake kwa Kiingereza ili tu apate pa kuichapisha. Sidhani waliotunga sharti walilenga hilo.

Na kuandika makala kunafundishika. CARTA, mpango wa kuwafunza watafiti wa Afrika ulioanza 2008 chini ya APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya cha Nairobi, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini, inawakusanya wanafunzi wake wa afya kwenye semina nne katika safari ya PhD, kuanzia kulijenga wazo, kisha mbinu na data, kisha uandishi wa tasnifu na makala, mpaka maisha baada ya shahada, na masapavaiza nao wanapewa mafunzo. Hao ukiwadai makala hujawaonea. Mwanafunzi wa kawaida anapewa msimamizi na tarehe ya kutetea tasnifu, mengine ajijue.

Kwa hiyo mi nisingelifuta sharti. Ningetaka makala yaliyo mikononi mwa wahakiki wa jarida linalotambulika yahesabiwe, maanake kasi ya mhariri haimhusu mwanafunzi, na ningetaka CUE ikague kwanza idadi ya wanafunzi kwa kila sapavaiza kabla ya kuuliza mwanafunzi amechapisha nini. Na vyuo vinavyokusanya hizo ada vitenge fungu la kuendesha majarida yao wenyewe, ya Kiswahili yakiwemo.