Fuko, Kuku na Daftari la Bustani

Kila kabichi niliyoivuna msimu huu nyuma ya nyumba yangu, hapa Kiamunyi pembezoni mwa Nakuru, imenigharimu shilingi 1,140. Sitanii. Nilikuwa karani wa hesabu kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na mtu wa namna yangu hawezi kutia hata punje ya dania ardhini bila kuiandika daftarini. Jembe na mpini wake 950, miche 40 ya kabichi 120, na samadi ya pikapu nzima 3,500, ambayo ilipomwagwa langoni ilitokea na soksi moja ya mtoto, kijiko kilichopinda, na magugu ya kutosha kuanzisha msitu. Mama mboga wa pale kona huuza kabichi kwa shilingi 50, na nilipomwambia bei ya zangu alishika kiuno akacheka hadi wateja wake wakaanza kucheka bila kujua sababu.

Watu husifu udongo wetu kwamba ni wa volkano, nami sikatai, maana Menengai naiona kila nikiinua kichwa. Ila huo udongo ni kama majivu, na maji hupita ndani yake kama mshahara unavyopita mfukoni mwa mwenye watoto wanne shuleni. Nanyunyiza alfajiri, na kufikia saa sita mchana ardhi imekauka kana kwamba haijaonja maji tangu Uhuru. Katika ule ukame wa Februari nilinunua maji ya mkokoteni ya shilingi 1,000, huku upepo ukihamisha matuta yangu kidogo kidogo hadi kwenye nguo ambazo mama watoto alikuwa ameanika, jambo ambalo lilizua mjadala wake peke yake.

Hata hivyo adui yangu hasa si ukame. Asubuhi moja nilikuwa nimesimama na kikombe changu cha chai, nikauona mche wa kabichi unatetemeka ilhali upepo haukuwepo. Nilipoinama kuutazama, uliteremka ardhini taratibu kama mzee anayeshuka ngazi, hadi likabaki jani moja tu likinipungia, kisha nalo likazama. Huyo alikuwa fuko. Hakuna mnyama mwenye dharau kama yeye, kwa sababu ndege akikuibia angalau humwona akiruka, lakini fuko anakula mali yako chini ya nyayo zako huku wewe umesimama juu ya dari lake unampigia hesabu ya mavuno.

Kila mtu niliyemweleza alikuwa na dawa yake. Mmoja alisema nifukize pilipili shimoni, nikafukiza, na waliopiga chafya usiku kucha ni sisi wenye nyumba. Mwingine akanishauri nimgharikishe, nami nikamwaga shimoni maji yote ya mvua niliyokuwa nimeyakinga kwenye pipa, lita 200, ambayo baada ya muda yalichomoza upande wa pili wa ua, mahali ambapo jirani alikuwa ameanika mahindi yake.

Hatimaye nilimwita mzee mmoja mtega fuko, aliyekuja na fito, nyaya na vijiti, akajipaka udongo mikononi kabla ya kugusa chochote. Niliposogea kutazama alinizuia. "Mkubwa, wewe unanukia sabuni. Fuko akisikia harufu yako atahama njia." Tukapatana shilingi 300 kwa kila fuko, maiti ionekane kwanza. Usiku ule ule mtego ukafyatuka, na kulipokucha akanionyesha kiumbe mnene mwenye vijicho vidogo na meno marefu ya mbele, hata nikamwonea huruma kidogo. Siku ya tatu akaniletea wa pili, na baada ya juma moja wa tatu. Sasa, huyo wa tatu alikuwa mkavu kama omena, na alama ya waya ilikuwa shingoni mahali pale pale ilipokuwa kwa yule wa kwanza. Nililipa. Utamhoji vipi mzee wa watu kuhusu tarehe ya kifo cha fuko?

Nyanya sitazizungumzia, kwani mvua ya mawe ya dakika kumi ilizimaliza zote.

Fuko alichukua kabichi 19. Nyingine 13 zililiwa na kuku wa jirani yangu, mama mmoja mcha Mungu ambaye huniambia kwa upole, "Baba Njeri, hawa ni viumbe tu." Nilinunua waya wa kuku wa shilingi 2,650, nikauzungushia bustani yote, na kuku wakaketi juu yake kupumzika kabla ya kurukia ndani.

Ningekwisha kuacha, lakini mvua za Aprili zilipoanza kunyesha, udongo ukatoa ile harufu yake, na kando ya lundo la samadi ikajiotea managu ambayo hakuna aliyeipanda, hakuna aliyeinyunyizia maji, na wala fuko hakuitaka. Tuliila na ugali siku tatu mfululizo, na mama watoto, ambaye huita bustani yangu "ile kesi yako," aliongeza sahani. Daftarini nikaandika: managu, gharama sufuri. Nilikitazama kile kijisufuri muda mrefu kuliko nilivyowahi kuitazama hati yangu ya pensheni.

Jana jioni jirani alikuja na kikapu cha mayai. "Ya kienyeji kabisa, Baba Njeri. Ukilipasua uone kiini kilivyo cha manjano, kwa sababu kuku wangu wanakula majani mabichi." Shilingi 25 kila moja. Nikanunua sita, na nimekaa hapa bustanini kwenye kigoda tangu asubuhi, daftari gotini, nikishindwa kuamua kama mayai hayo ni matumizi au ni mavuno. Na sasa naona karibu na mguu wa kigoda udongo umeanza kuinuka.