Kubana krimu za antibiotiki si kumwonea mgonjwa

Mzazi ambaye mtoto wake ana impetigo, vile vidonda vya usoni vinavyotoa maji kisha vikakauka magamba ya rangi ya asali, akiambiwa krimu ya antibiotiki haihitajiki kwanza, huona ananyimwa. Ana hoja. Mapitio ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 68, yalionyesha kwamba kwa vidonda vichache, krimu mbili za antibiotiki, mupirosini na asidi ya fusidiki, hutibu vizuri kama dawa za kumeza, na tumbo la mtoto halisumbuki.

Lakini wanaotaka krimu hizi zibanwe hawasikilizwi ipasavyo. Hofu yao ina historia, na historia hiyo iko New Zealand. Mwaka 1991 mupirosini iliruhusiwa kuuzwa huko bila cheti cha daktari. Kufikia mwaka 1999, asilimia 28 ya stafilokokasi waliopimwa, bakteria wanaosababisha impetigo, walikuwa sugu kwa dawa hiyo, yaani haikuwaua tena. Zaidi ya mmoja kati ya wanne! Mupirosini hiyohiyo ndiyo hupakwa puani kwa baadhi ya wagonjwa wanaosubiri upasuaji, ili stafilokokasi wasije wakaingia kwenye kidonda. Basi tyubu iliyonunuliwa kwa ajili ya mkwaruzo wa kawaida inaweza kumgharimu mtu mwingine kabisa, aliyelala wodini, asiyejua lolote. Masharti yakarudishwa, madaktari wakahamia asidi ya fusidiki. Nayo usugu wake ukapanda, kutoka asilimia 17 mwaka 1999 hadi takriban 29 mwaka 2013. Kubadilisha dawa bila kubadilisha mazoea hakukusaidia kitu.

Ndiyo maana mwongozo wa mwaka 2020 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unaanza na krimu ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 1 kwa impetigo ya sehemu ndogo isiyo na malengelenge, kwa mgonjwa ambaye hali yake ni nzuri. Hiyo ni dawa ya kuua vijidudu juu ya ngozi, si antibiotiki. Mgonjwa bado anatibiwa.

Kwenye maduka yetu ya dawa Afrika Mashariki tatizo lina sura nyingine: tyubu za mchanganyiko, zenye jentamisini, dawa ya fangasi na steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, ndani yake. Steroidi hutuliza wekundu na muwasho upesi, mnunuzi akadhani amepona, kumbe maambukizi yanaendelea chini kwa chini. Hili linanisumbua kuliko mjadala wote wa krimu zenye antibiotiki pekee.

Hata hivyo, anayesema sabuni na maji vinatosha kila mahali amepitiliza. Impetigo husababishwa pia na bakteria wengine, streptokokasi, ambao wanaweza kuacha madhara kwenye figo. Vidonda vikisambaa, mtoto akipata homa, uso ukivimba au mkojo ukiwa wa rangi ya chai, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asinunuliwe tyubu nyingine.