Acheni Kuusugua Mtutu wa Bunduki ya Upepo

Jirani yangu hapa Jinja aliniletea bunduki yake ya upepo, 4.5 mm, ya kukunja mtutu, akilalamika kwamba haipigi tena anapolenga. Nilipochungulia mdomo wa mtutu nikaona ukingo umelika upande mmoja. Kumbe fundi wake amekuwa akiisafisha kila mara kwa ufito wa chuma na brashi ya waya, akiingizia mbele, kisha anamalizia na oili ya pikipiki. Iliniuma sana. Bunduki ilikuwa nzima, usafi ndio ulioiua.

Huku kwetu anayejua kusafisha bunduki mara nyingi alijifunzia SMG, ile bunduki ya kivita, jeshini au kwenye ulinzi. SMG inachoma baruti, na masizi yake yakibaki ndani yanaleta balaa, kwa hiyo kuisugua ni haki. Bunduki ya upepo haina baruti! Risasi yake kwa kawaida ni ya ledi, madini laini kuliko chuma cha mtutu, haiwezi kukikwangua. Ufito wa chuma unaweza. Na ule mdomo ndipo risasi inapoachana na mtutu: ukingo ukilika upande mmoja, hewa inatoka kwa upande huo kwanza, inausukuma mkia wa risasi, nayo inapotea njia. Hata darubini ya bei gani haitarekebisha hilo.

Oili ndiyo mbaya zaidi. Kwenye bunduki ya springi, pistoni inaibana hewa ghafla hadi inapata joto la kuwasha oili, sawasawa na injini ya dizeli. Mlio unakuwa mkubwa, moshi unatoka, na mwenye bunduki anafurahi akidhani nguvu imeongezeka. Wakati huohuo mpira wa pistoni unaungua na springi inaumia.

Haya, nakubali: tunakaa kando ya ziwa, na masika chuma kinashika kutu upesi. Basi futa nje kwa kitambaa chenye oili kidogo, maana jasho la mikono ndilo linaloanzisha kutu. Bunduki mpya nayo ina grisi ya kiwandani ndani, itoe kabla ya kuanza.

Lakini ndani ya mtutu, subiri hadi shabaha ianze kuyumba. Hakikisha bunduki haina risasi na haijakokiwa. Chukua uzi mnene wa nailoni wa kuvulia samaki, ukunje, funga kipande kidogo cha kitambaa cha pamba kwenye kitanzi, uvute kutoka nyuma kwenda mbele. Rudia kwa vipande vipya hadi kitoke kisafi. Risasi chache za kwanza baada ya hapo zitatawanyika. Mtutu unahitaji kupakwa tena utando mwembamba wa ledi ndipo utulie, kwa hiyo usiguse darubini.

Vile vitambaa vyeusi vina sumu ya ledi. Vitupe mbali na watoto, na unawe mikono kwa sabuni kabla hujagusa chakula.