Kabla ya Kuchora Darasa, Tuulize Mtoto Atafanya Nini Ndani Yake

Mjadala wa kuifanya shule imfae mwanafunzi wa zama hizi huishia upesi kwenye vifaa: vishikwambi vingapi vinunuliwe, intaneti ifike madarasa yapi, programu za akili mnemba ziruhusiwe au zipigwe marufuku. Maswali hayo ni halali, lakini naamini yanaulizwa mapema mno. Lipo swali linalopaswa kuyatangulia: katika saa zote ambazo mtoto yuko shuleni, tunataka awe anafanya nini? Jengo, madawati, ratiba, kengele na idadi ya watoto katika chumba kimoja ni majibu ya swali hilo, hata pale ambapo aliyevipanga hakuwa na habari kwamba analijibu.

John Dewey, mwanafalsafa aliyeanzisha shule ya majaribio katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1896, alikutana na jambo hili alipokuwa akizunguka katika maduka ya samani za shule. Alitafuta meza na viti vya kuwafaa watoto, akavikosa, mpaka muuzaji mmoja akamweleza kwamba huenda hawana anachokitaka: yeye anatafuta meza ambazo watoto watafanyia kazi, na zilizokuwapo dukani zote zilikuwa za kusikilizia. Zaidi ya karne moja imepita, na maelezo ya muuzaji yule bado yanavifaa vyumba vingi vya madarasa duniani. Safu zinatazama ubao, nafasi ya kupita ni finyu, meza ya mwalimu iko mbele. Ukiingia humo kabla ya watoto kufika, tayari unajua nani atazungumza na nani atanyamaza.

Si haki kuwalaumu waliouanzisha mpangilio huo, kwa sababu walikuwa wakitatua tatizo kubwa la wakati wao. Joseph Lancaster, aliyefungua shule yake London mwaka 1798, alitaka watoto wa maskini wapate kusoma na kuandika kwa gharama ndogo, na njia aliyoiona ni kuwakalisha mamia katika ukumbi mmoja chini ya mwalimu mmoja, huku wanafunzi waliotangulia wakiwafundisha wenzao. Saa za masomo nazo zina historia yake. Nchini Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, taasisi iliyoanzishwa kwa fedha za tajiri Andrew Carnegie ili kuwapa maprofesa pensheni ilihitaji kigezo cha kuamua ni vyuo vipi vinastahili kuingizwa katika mpango huo, na hapo ndipo kilipoota mizizi kipimo cha takriban saa 120 za somo moja kwa mwaka katika shule za sekondari. Kipimo kilichokusudiwa kurahisisha utawala kikageuka kuwa maana ya elimu yenyewe: aliyekaa saa hizo amehesabiwa kuwa amesoma.

Pamoja na hayo, sikubaliani na wanaodai kwamba mwanafunzi wa leo ana akili ya aina nyingine kwa sababu amezaliwa katika enzi ya simu janja. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa majaribio aliyojifanyia mwenyewe, kwamba sehemu kubwa ya tunayojifunza husahaulika ndani ya muda mfupi, na kwamba kurudia kwa vipindi vilivyoachana hutunza kumbukumbu vizuri zaidi kuliko kurudia kwa mfululizo. Hakuna kifaa kilichoifuta kanuni hiyo. Wala sikubali hoja kwamba kukumbuka hakuna maana tena kwa kuwa kila kitu kinapatikana mtandaoni. Asiyejua lolote kuhusu chanjo au riba hawezi kulitambua jibu potofu linapoandikwa kwa ufasaha, na programu za akili mnemba huandika majibu sahihi na majibu potofu kwa ufasaha uleule.

Kilichobadilika ni nafasi ya shule. Imeacha kuwa mlango mkuu wa taarifa. Maelezo ya mwalimu, ambayo zamani yalisikika mara moja tu, sasa yanaweza kurekodiwa na kurudiwa. Kisichopatikana kwa urahisi kwenye skrini ni mtu anayeliona kosa lako wakati ule ule unapolifanya na kukuuliza umefikaje hapo, pamoja na wenzako wanaokupinga kwa hoja ana kwa ana. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19 na wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 wakabaki nyumbani, hata waliokuwa na vifaa na mtandao mzuri walikosa kitu hicho. Naona ndicho kinachostahili sehemu kubwa ya saa za shule, na ndicho ambacho chumba cha kusikilizia kinakibana.

Ushahidi upo. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 225 zilizolinganisha mihadhara na ufundishaji shirikishi katika masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni, na ikaonekana kwamba uwezekano wa kufeli kwa waliofundishwa kwa mihadhara ya kawaida ulikuwa mara 1.5 ya ule wa wenzao. Lakini utafiti unaonishughulisha zaidi ni ule wa Chuo Kikuu cha Harvard uliochapishwa mwaka 2019. Baadhi ya wanafunzi wa fizikia walisikiliza mhadhara ulioandaliwa kwa ustadi. Wengine walipewa maswali yaleyale wayahangaikie katika vikundi vidogo kabla ya kupata ufafanuzi. Jaribio lilionyesha kwamba waliohangaika walijifunza zaidi, ilhali wao wenyewe walihisi kwamba wamejifunza kidogo kuliko wale wa mhadhara.

Inafaa tulitafakari tokeo hilo kwa makini, kwa maana linaeleza kwa nini mageuzi mengi ya ufundishaji hufa mapema. Maelezo yanayotiririka humwachia msikilizaji hisia ya kuelewa, na kuhangaika na swali humwachia hisia ya kushindwa, hata pale ambapo ukweli ni kinyume chake. Mwalimu anayebadili mbinu atalalamikiwa kwanza na wanafunzi wake hodari, waliozoea kushinda kwa kunakili na kukariri. Kisha na wazazi wanaoona daftari lina maandishi machache. Kisha na mkaguzi aliyekuta darasa lina kelele. Asipolindwa na mkuu wa shule, atarudi ubaoni kabla muhula haujaisha, na hakuna atakayeweza kumlaumu. Ndiyo maana wanafunzi wanapaswa kuelezwa mapema, na kukumbushwa mara kwa mara, kwamba ugumu wanaouhisi ni sehemu ya kazi. Nami sisemi kwamba mwalimu aache kueleza. Anayeanza somo jipya anahitaji kuelekezwa waziwazi hatua kwa hatua, na kumwacha agundue kila kitu peke yake ni kumtelekeza. Hoja yangu ni kuhusu kinachofuata baada ya maelezo, ambacho mara nyingi huwa ni kengele.

Wapo wanaofikiri kwamba njia ya mkato ni kujenga upya. Jaribio hilo limekwisha kufanywa. Katika miaka ya 1960 na 1970 shule nyingi za Marekani na Uingereza zilijengwa zikiwa na kumbi pana zisizo na kuta za ndani, kwa matumaini kwamba watoto wangetembea kutoka kazi moja hadi nyingine na walimu wangefundisha kwa timu. Katika nyingi kati ya hizo, walimu waliozoea kueleza mbele ya darasa waliendelea kueleza mbele ya darasa, ila sasa sauti zao zilipishana. Makabati ya vitabu yakasogezwa yawe viambaza, na baada ya miaka kadhaa kuta zikajengwa tena. Nionapo leo shule zikijivunia viti vya rangi na kuta za vioo bila kusema lolote juu ya jinsi walimu watakavyofundisha humo, nahofia tunalipia somo hilo mara ya pili.

Mfano unaonipa matumaini ni wa zamani kidogo. Shule ya msingi ya Crow Island huko Winnetka, katika jimbo la Illinois, ilifunguliwa mwaka 1940 kwa usanifu ulioongozwa na Eliel Saarinen akishirikiana na wasanifu vijana. Wilaya ile ilikuwa tayari na utaratibu wake wa kumwacha kila mtoto asonge mbele kwa mwendo wake, na walimu wakasikilizwa kabla ya ramani kukamilika. Kila darasa likajengwa kwa umbo la herufi L, ili wengine wafanye kazi za mikono pembeni huku wengine wakisoma. Likapewa madirisha mapana, choo chake na mlango wa kutokea kwenye ua. Ufundishaji ulitangulia, chumba kikaufuata.

Wasio na fedha za kujenga bado wana mengi ya kufanya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Salford, katika ripoti ya mwaka 2015, walichunguza madarasa 153 ya shule 27 za msingi nchini Uingereza, wakakadiria kwamba tofauti za vyumba zilieleza takriban asilimia 16 ya tofauti za maendeleo ya watoto katika kusoma, kuandika na hisabati kwa mwaka. Karibu nusu ya athari hiyo ilitokana na mwanga, joto na hewa. Kufungua madirisha yaliyozibwa na kuzuia jua lisimulike ubao ni kazi za gharama ndogo.

Ratiba ni ya bei nafuu zaidi, nayo ndiyo ningeigusa kwanza. Kipindi cha dakika 40 kinatosha kueleza. Hakitoshi kueleza, kujaribu, kukosea na kusahihisha. Vipindi viwili vikiunganishwa, mwalimu anapata muda wa kupita meza kwa meza. Saa ya kuanza nayo ina uzito: usingizi wa vijana huchelewa wanapobalehe, na mwaka 2014 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilishauri shule za vijana zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. California ikaweka sheria kwa shule zake nyingi za sekondari, iliyoanza kutumika mwaka 2022.

Kwa hiyo, kamati yoyote yenye fedha za jengo jipya au shehena ya vishikwambi ningeiomba ianze na muhula mmoja katika majengo yaliyopo. Walimu wachache wapewe saa mbili kila wiki, ndani ya muda wa kazi na si baada yake, za kuandaa masomo pamoja na kutazamana wakifundisha. Vipindi vyao viunganishwe, madawati yao yaruhusiwe kusogezwa, na mitihani yao iwe na maswali ambayo jibu lake halinakiliwi kutoka daftarini. Mwisho wa muhula waulizwe chumba kiliwazuia wapi, na majibu yao apewe msanifu kabla hajaanza kuchora.