Bahari ile haikuwa tupu: maoni yangu kuhusu Damien Hirst

Papa wa kwanza niliyemwona kwa karibu alikuwa amelazwa kwenye sakafu ya soko la samaki, Tanga, mdomo wazi, huku mama akivutana bei na mchuuzi. Nilikuwa na miaka saba hivi. Ninachokumbuka zaidi ni jicho lake. Lilikuwa dogo, jeusi, halina habari na mtu, na mimi nikajificha nyuma ya kanga ya mama ingawa nilijua fika kwamba samaki yule kafa tangu alfajiri. Usiku tulimla kwa tui la nazi. Hofu ile ilibaki.

Ndiyo maana miaka mingi baadaye, nilipoonyeshwa picha ya papa wa Damien Hirst, sikuweza kucheka pamoja na wenzangu. Wao waliona samaki ndani ya tangi la kioo na mtu aliyelipwa fedha nyingi. Mimi nilimwona yule wa Tanga.

Hirst ni Mwingereza, kazaliwa Bristol mwaka 1965, kakulia Leeds. Mwaka 1988, akiwa bado mwanafunzi wa chuo cha Goldsmiths, London, aliwakusanya wenzake wakaonyesha kazi zao katika jengo tupu la bandarini, bila kumsubiri mwenye ukumbi wala mkubwa yeyote awafungulie mlango. Kwa hilo peke yake nampa heshima. Miaka miwili baadaye akatengeneza sanduku la kioo lililogawanywa vyumba viwili: huku funza wanageuka inzi, kule kuna kichwa cha ng'ombe kinachooza na mtambo wa umeme wa kuulia wadudu. Inzi wanazaliwa, wanakula, wanataga, wanaungua. Mtazamaji anasimama nje akiyaona maisha mazima kwa muda wa kuvuta pumzi chache. Halafu, mwaka 1991, akaja papa: mnyama wa zaidi ya mita nne aliyevuliwa Australia na kutiwa katika formalini, dawa ya kuzuia mzoga usioze, kazi iliyolipiwa pauni 50,000 na tajiri wa matangazo Charles Saatchi.

Naziona kazi hizo mbili kuwa kubwa, na sitaki kulizungukazunguka hilo. Watu husema hata muuza samaki angeweza. Labda angeweza, ila ni Hirst aliyejua kwamba mauti, ukiyaweka nyuma ya kioo katika chumba cheupe, yanakutazama kuliko unavyoyatazama. Papa yule ana uzito kwa sababu ni papa kweli, na kafa kweli.

Nikiyafuata maisha yake ya kazi tangu hapo, swali langu huwa moja: uzito wa kitu hiki umetoka wapi, na nani kaulipia?

Mwaka 2007 alitoa fuvu la platinamu lililopambwa kwa almasi 8,601, meno yakiwa ya binadamu halisi. Bei iliyotangazwa ilikuwa pauni milioni 50. Tuliambiwa limenunuliwa na kundi la wawekezaji, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao. Mwaka 2022 akakiri kwamba kwa kweli halikuuzwa, lilikuwa tu ghalani London. Mwezi Septemba 2008 aliwaruka mawakala wote akapeleka kazi zake mpya moja kwa moja mnadani Sotheby's, zikauzwa kwa pauni milioni 111, siku zile zile benki ya Lehman Brothers inaanguka na dunia inatumbukia katika msukosuko wa fedha. Hapo ndipo ninapoona amegeuka. Fuvu lile halinitishi hata kidogo. Nikilitazama nahesabu almasi, na ukishaanza kuhesabu almasi husikii tena mauti yakisema chochote.

Wapo wanaomlaumu kwa kutofanya kazi kwa mkono wake. Karakana yake imewahi kuwa na wasaidizi wengi, na zile picha za vitone vya rangi kwa sehemu kubwa zimechorwa na watu wengine. Katika hilo mimi nitamtetea. Sisi tuliokaa karibu na wachongaji wa Kimakonde tunajua fundi mkuu hakai peke yake chini ya mwembe. Kijana mmoja anapunguza gogo, mwingine anapiga msasa, fundi anakuja kutoa uso. Kinyago kikitoka ni cha fundi, na hakuna anayedanganywa, kwa sababu kila mtu pale anajua kazi inavyokwenda.

Kudanganywa nakujua pia. Niliwahi kununua kinyago cha mpingo Dar es Salaam, zawadi ya harusi ya dada yangu. Nilikibeba kwenye daladala, nimekipakata, jua la saa nane. Nilipofika nyumbani viganja vilikuwa vyeusi na shati limeharibika. Ulikuwa mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu. Umbo lilikuwa zuri, na hata leo nasema aliyelichonga alikuwa na mkono. Lakini mpingo unachukua miongo mingi kukua, unavunja patasi, ukiushika unajua umeshika kitu. Mimi nililipia miaka ile, na miaka ile haikuwamo.

Mwezi Machi 2024 gazeti la Guardian la Uingereza lilifichua kwamba baadhi ya wanyama wa Hirst waliohifadhiwa katika formalini, walioonyeshwa kama kazi za miaka ya 1990, akiwamo njiwa wa mwaka 1999, walitengenezwa mwaka 2017. Kampuni yake ikajibu kwamba mwaka unaoandikwa ni mwaka wa wazo, wala si lazima uwe wa kutengenezwa. Nimelisoma jibu hilo mara nyingi nikitafuta namna ya kulikubali, nimeshindwa. Njiwa wa mwaka 2017 hajawahi kuruka mwaka 1999. Kwa msanii mwingine labda tarehe ni jambo dogo. Kwa huyu, ambaye kazi yake nzima inasimama juu ya muda, kuoza na kufa, tarehe ndiyo mpingo wenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, yaani meli.

Mwezi Aprili 2017, katika majumba mawili ya Venice yaliyo chini ya tajiri Mfaransa François Pinault, Palazzo Grassi na Punta della Dogana, Hirst alifungua maonyesho aliyoyaandaa kwa takriban miaka 10. Kazi zilikuwa kama 190. Uani mwa Palazzo Grassi lilisimama jitu lisilo na kichwa, urefu wake kama mita 18. Hadithi iliyoviunganisha vyote ilikuwa hivi: mtumwa aliyeachwa huru, mtu wa Antiokia aliyeishi kati ya karne ya kwanza na mwanzo wa ya pili, alitajirika kupita kiasi, akakusanya hazina za dunia nzima, akazipakia katika meli kubwa iitwayo Apistos, neno la Kigiriki lenye maana ya Isiyosadikika. Meli ikazama. Mwaka 2008 mabaki yake yakagunduliwa katika bahari ya pwani ya Afrika Mashariki.

Pwani yetu!

Yote yalikuwa ya kubuni, bila shaka. Jina la yule tajiri, Cif Amotan II, ukizipangua herufi zake kwa Kiingereza linasema "mimi ni hadithi". Kulikuwa na picha za wapiga mbizi wakiibua sanamu kutoka chini ya maji, na katikati ya miungu na mazimwi alikuwamo Mickey Mouse aliyeota matumbawe. Sina ugomvi na msanii kubuni. Bibi yangu alikuwa akitusimulia habari za majini wa baharini hadi tukaogopa kwenda msalani usiku, na sikumwita mwongo. Hirst aliwaachia watazamaji dalili za kutosha kwamba hii ni ngano.

Ninachouliza ni kwa nini huku. Angeweza kuizamisha meli yake karibu na Sicilia au Kreta, bahari ambazo watazamaji wake wanazijua bandari kwa bandari. Nadhani, na haya ni maoni yangu, Afrika Mashariki ilimfaa kwa sababu masikioni mwa watu waliopanga foleni Venice jina hilo halibebi bandari yoyote wala mji wowote. Ni mbali tu, na mahali palipo mbali na patupu unaweza kuzamisha chochote.

Basi tuitazame karne ile ile aliyoichagua. Kipo kitabu cha baharia wa Kigiriki kutoka Misri, cha karne ya kwanza, kinachoeleza biashara ya Bahari ya Hindi bandari baada ya bandari. Mwandishi anashuka na pwani hii aliyoiita Azania mpaka soko la mwisho, Rhapta, anakotaja pembe nyingi za ndovu na magamba ya kasa. Hata jina la mji ule, anasema, limetokana na vyombo vyake vya kushonwa. Vya kushonwa! Mtu wa Lamu akisikia hivyo anawaza mtepe mara moja, chombo kisicho na msumari hata mmoja, mbao zake zimefungwa kwa kamba za kumbi. Mtepe mmoja uliojengwa upya uliwekwa ndani ya Beit el Ajaib, Unguja. Niliwahi kusimama chini yake nikapitisha kidole kwenye mshono. Kamba zilikuwa ngumu kama mfupa, tundu kwa tundu, kila moja limezibwa. Kama Apistos ingekuwa meli ya kweli, watu wa vyombo vile ndio wangeiona ikizama. Katika hadithi ya Hirst hakuna macho ya ufukweni.

Kuna na kile kichwa cha dhahabu. Miongoni mwa hazina za meli kulikuwa na kichwa cha mwanamke, uso wenye mistari myembamba ya wima, ambacho yeyote aliyewahi kuona sanaa ya Ife, Nigeria, angekitambua papo hapo. Vichwa vya shaba vilivyofukuliwa Ife mwaka 1938 ni kati ya kazi bora za binadamu, na ni za karne nyingi baada ya muda wa meli ile. Mchoraji Victor Ehikhamenor, aliyekuwa Venice mwaka huo kwa sababu Nigeria ilishiriki kwa mara ya kwanza, na banda lake, katika Biennale, maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya mji huo, alilalamika hadharani: maelfu watakaokiona hawataiwaza Ife, watamwaza Hirst, na ipo siku kijana wa Kinigeria ataambiwa kamwiga Mwingereza. Upande wa Hirst ulisema maelezo ya maonyesho yaliitaja Ife. Ni kweli iliandikwa. Lakini mnamo 1910 Mjerumani Leo Frobenius alipoziona sanamu za Ife alishindwa kuamini kwamba Waafrika wamezitengeneza, akazihusisha na Atlantis, nchi ya ngano iliyozama baharini. Miaka mia na kitu baadaye, uso ule ule unatolewa tena kutoka ndani ya ngano iliyozama baharini. Ehikhamenor hakuwa na wivu. Alikuwa amewahi kuisikia hadithi hiyo.

Wakusanyaji matajiri na hazina za pwani, hilo nalo tunalo la kweli. Wagiriama husimamisha vigango, nguzo za mbao zilizochongwa, kwa ajili ya wazee wao wa chama cha Gohu waliofariki. Ving'olewe, na ukoo unakuwa umenyang'anywa mzee wake. Viling'olewa kweli, vikauzwa kama mapambo, vikaishia katika nyumba na makumbusho ya Marekani. Makumbusho moja ya Denver ilitangaza mwaka 2014 kuvirudisha 30. Hakuna aliyehitaji kubuni mkusanyaji mwenye jina la fumbo.

Nakubali kwamba athari ya Hirst ni kubwa kuliko hasira yangu. Maonyesho yake katika jumba la sanaa la Tate Modern, London, mwaka 2012 yalitembelewa na watu zaidi ya 460,000. Vijana wengi wa fani hii, hata hapa kwetu, wamejifunza kwake kuandaa maonyesho yao wenyewe na kupanga bei bila kuona haya, na wafanye hivyo. Ningetamani tu wamsome kuanzia kwa papa, kabla ya mnada.

Na ningetamani yeye mwenyewe aje. Namwalika kwa moyo mweupe. Aanzie Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ambako mita 500 hivi kutoka ufukweni, kwenye kina cha mita 6 tu, wataalamu wa Kenya wakiongozwa na Caesar Bita wamekuwa wakichunguza mabaki ya meli inayodhaniwa kuwa ya Wareno wa mwanzoni mwa karne ya 16. Ndani yake kuna pembe za ndovu na vipande vya shaba, na matumbawe yaliyoifunika yameota yenyewe, bila fundi.

Kisha ashuke Mombasa, Fort Jesus. Mwaka 1697, Waomani wakiwa wameizingira ngome, meli ya Wareno Santo António de Tanná ilizama pale chini ya kuta. Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi waliibua maelfu ya vitu, na vingine vimo ndani ya makumbusho ya ngome hadi leo. Chombo chenyewe hawakukitoa. Walikifunika tena kwa mchanga kisiharibike, na kipo palepale. Nilisimama ukutani mwaka jana, maji yamejaa, nikitafuta mahali penyewe kwa macho. Mtumbwi mmoja ulikuwa unapita juu yake, mzee mmoja na kijana, wamebeba mishipi yao.