Mbwa Anapewa Ini, Mtoto Anapasuliwa Kichwa

Wiki hii kundi letu la mtaa hapa Ngamiani, Tanga, limejaa ile video: mtoto kafunguliwa fuvu, na kifuko cha maji cha mnyoo tegu wa mbwa, cheupe kama yai, kinatoka ubongoni polepole. "Mashallah, sayansi!" Makofi kibao. Mimi imenikera.

Si kwamba wapasuaji hawastahili. Njia ile ya daktari Dowling, ya tangu 1929, inataka moyo. Kifuko hakivutwi kwa koleo. Kichwa kinainamishwa, mpira mwembamba unapenyezwa kati ya kifuko na ubongo, maji ya dripu yenye uvuguvugu yanasukumwa taratibu mpaka kifuko kiteleze nje kizima kwa uzito wake. Kikipasuka, mzio unaweza kumuua mtoto pale pale mezani. Akipona, vijimbegu vya mnyoo vilivyomwagika vinaota vifuko vipya. Albendazoli, dawa ya minyoo, hutolewa baadaye, ila kifuko kikubwa cha ubongoni kinataka kisu.

Haya, tumeshapiga makofi. Mnyoo ulitoka wapi?

Juzi machinjioni mkaguzi kakataa ini la mbuzi, limetoka malengelenge ya maji yanang'aa. Kijana akalitupa uani, mbwa koko wakaligombania. Nikamwambia, "Mwanangu, si ulifukie?" Akacheka: "Shangazi, hili mtu halili, waache nao viumbe wale."

Ndipo hapo! Vile vijimbegu vya ndani ya malengelenge vikifika tumboni mwa mbwa vinakuwa minyoo tegu, mayai yanatoka na kinyesi, yanakaa kwenye udongo wenye unyevu hata miezi, yanapanda kwenye mchicha na vidole vya watoto. Mtu akiyameza, mengi huishia kwenye ini na mapafu, yakaota vifuko. Ubongoni ni asilimia kama 2 tu ya wagonjwa, na wengi wao ni watoto.

Mtasema sisi watu wa pwani mbwa hatuwafugi, na chombo alicholamba tunakiosha mara saba. Sawa. Mchanga anaochezea mjukuu wako nao unauosha mara saba?

Mbwa wapewe dawa ya minyoo, nakubali, ingawa sijui nani atamkamata mbwa koko wa Makorora.

Idi ya kuchinja kila uwanja unakuwa machinjio, na bwana afya hayupo. Ukikuta kifuko, usikitoboe. Choma ini lote liwe majivu, au chimba shimo refu ufukie. Jirani yangu mmoja kaniuliza, sasa mbwa wale nini? Ugali, mzee wangu. Hata ukoko wa pilau.