KDF au Polisi? Nairobi Inabishania Swali la Pembeni

Kila maandamano yakinukia Nairobi, ubishi huwa uleule: jeshi liitwe au lisiitwe? Wenye maduka ya Tom Mboya na Moi Avenue, wengi wao, watakuambia liitwe, tena mapema. Mawakili watakuambia hapana, hiyo ni njia ya kuelekea utawala wa kijeshi. La ajabu ni kwamba hata miongoni mwa waandamanaji utawasikia vijana wakisema afadhali KDF, yaani jeshi la Kenya, kuliko polisi, kwa kuwa mwanajeshi hana mazoea ya kuwakimbiza vichochoroni kwao na kudai "kitu kidogo".

Kila upande una lake la kusema, na nitajaribu kuutendea haki. Lakini kwa maoni yangu hilo si swali la kwanza. La kwanza ni kama yule anayefyatua risasi, awe amevaa sare gani, anaweza kujulikana kesho yake na kuulizwa.

Turudi Juni 25, 2024. Wabunge walipitisha Mswada wa Fedha wenye kodi mpya, waandamanaji wakavunja vizuizi na kuingia Bungeni, sehemu ya jengo ikashika moto, na polisi wakapiga watu risasi nje ya hapo. Siku hiyohiyo Aden Duale, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi, alitangaza katika gazeti rasmi la serikali kwamba KDF inatumwa kuwasaidia polisi. Aliegemea Kifungu cha 241(3)(b) cha Katiba, kinachosema jeshi litasaidia mamlaka nyingine wakati wa dharura au maafa na kuliarifu Bunge la Kitaifa. Herufi inayofuata, (c), ndiyo inayozungumzia kurejesha amani penye vurugu, na hiyo haikubali jeshi litoke kambini bila idhini ya Bunge. Wabunge waliidhinisha siku iliyofuata, baada ya tangazo kutolewa.

Chama cha Mawakili kilikimbilia Mahakama Kuu. Jaji Lawrence Mugambi hakuwarudisha wanajeshi kambini, ila aliitaka serikali iseme wazi ndani ya siku mbili wanajeshi hao watafanya kazi gani, na kwa muda gani. Uamuzi huo uliwaudhi wengi waliotaka jibu la ndiyo au la. Mimi naona ulikuwa wa busara. Dola ambayo Bunge lake linaungua haiwezi kuambiwa ikunje mikono isubiri kikao, na anayesema hivyo hajafikiria kingetokea nini kama moto ule ungeenea. Lakini jeshi lililotumwa bila kazi maalumu na bila tarehe ya kurudi ni jambo jingine kabisa, hata kama siku ya kwanza kila mtu analishangilia.

Wanaolipigia jeshi debe wanasahau Westgate, jengo la maduka la Nairobi lililovamiwa na magaidi. Septemba 2013, kikosi cha Recce cha GSU, askari maalumu wa polisi, kilikuwa tayari ndani ya jengo lile kikipambana na magaidi pale KDF ilipoingia. Vikosi viwili vya serikali moja vikarushiana risasi, na kamanda wa Recce akafa. Baadaye kamera za usalama zikawaonyesha wanajeshi wakitoka madukani na mifuko. Hapo palikuwa na adui wa kweli mwenye bunduki, ndani ya jengo moja. Sasa fikiria mchanganyiko huohuo kwenye Kenyatta Avenue, ambapo "adui" ni mwanafunzi mwenye bendera na chupa ya maji, na pembeni yake yuko mwizi wa simu aliyejichanganya na umati.

Na kuna pengo ambalo halizungumzwi sana. Tangu 2011 tuna IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi. Ina udhaifu wake, lakini ukipigwa risasi na polisi unayo ofisi ya kiraia iliyoundwa kwa ajili ya malalamiko hayo. Jeshi halina chombo kama hicho. Kwa hiyo kijana anayesema afadhali KDF anaomba, bila kujua, alindwe na watu ambao ni vigumu zaidi kuwashtaki.

Haya, tuseme jeshi libaki kambini. Je, polisi?

Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, katika Jedwali la Sita, inaeleweka vizuri. Polisi aanze na njia zisizo za mabavu. Akitumia nguvu, zilingane na kosa na upinzani anaokutana nao. Bunduki itumike tu pale njia nyepesi zimeshindwa, hasa kuokoa maisha yake au ya mwingine. Kifo au jeraha baya likitokea, IPOA iarifiwe. Na amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria.

Humohumo, hata hivyo, kumewekwa kipengele kinachoruhusu bunduki kulinda maisha na mali, mradi nguvu hizo ziwe na sababu ya haki. Neno "mali" ndilo lililobeba mjadala wote wa 2025. Siku moja baada ya maandamano ya Juni 25 mwaka huo, Waziri wa Usalama wa Ndani Kipchumba Murkomen alisema anayekaribia kituo cha polisi apigwe risasi. Julai 9, siku mbili baada ya maandamano ya Saba Saba (Julai 7), Rais Ruto akasema anayechoma biashara ya mtu apigwe risasi mguuni, apelekwe hospitalini, kisha kortini.

Kauli hizo zina wasikilizaji, na tusijifanye hawapo. Mama aliyekopa kwenye chama cha akiba akajaza duka nguo za mtumba daraja la kwanza, kisha akalikuta limebaki kuta na hanga sakafuni, hana haja na somo la Katiba. Wale waliolivunja hawakuwa wanadai haki ya mtu. Kifungu cha 37 kinalinda anayeandamana kwa amani na bila silaha, mporaji hamo. Hasira ya mama huyu ni halali, na wanaharakati wanaompita kwa haraka wakikimbilia idadi ya waliouawa wanaiachia serikali mama huyo bure.

Lakini risasi ya mguuni haipo nje ya sinema. Pajani umepita mshipa mkubwa wa damu. Ukikatwa, mtu anaweza kufa kabla ambulensi haijapenya msongamano. Mlengwa anakimbia, anayelenga naye anahema ndani ya moshi wa vitoa machozi, na risasi ikimkosa wa mbele inampata wa nyuma. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 31 waliokufa kwenye Saba Saba ya 2025, katika taarifa iliyotolewa siku iliyofuata. Ukimpa konstebo ruhusa ya kulinda duka kwa bunduki, umempa kazi ya hakimu kwa sekunde moja.

Na tukio lililowauma wengi mwaka huo halikuhusu mali kabisa. Juni 17, 2025, mchuuzi wa barakoa alikuwa barabarani katikati ya jiji, bidhaa zake mkononi. Polisi wawili walimsukuma na kumpiga. Alipokuwa akiondoka, mmoja akainua bunduki na kumpiga risasi kichwani kwa karibu sana. Alifariki siku kadhaa baadaye hospitalini, na afisa mmoja akashtakiwa kwa mauaji. Kesi hiyo ilipata mshtakiwa kwa sababu kulikuwa na simu zinazorekodi. Siku hiyohiyo ya Juni 17, wanaume wenye mijeledi na rungu, wengi juu ya bodaboda, walikuwa wakiwashambulia waandamanaji huku polisi wakiwatazama. Hao nani aliwasajili?

Nawaelewa polisi katika jambo moja. Konstebo anayesimamishwa kwenye mzunguko tangu alfajiri, akirushiwa mawe hadi jioni, ana jirani zake Kayole au Mathare wanaojua anapolala. Jina likiwa kifuani, mtandaoni wanampata usiku huohuo. Ndiyo maana wengi hufunika nyuso na kuja na magari yasiyo na nambari za usajili, hata baada ya Mahakama Kuu kuagiza wajitambulishe. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini dawa yake ipo: nambari kubwa kwenye kofia na mgongoni, orodha ya majina ibaki kwa kamanda na IPOA. Jirani hataisoma nambari akajua ni nani; mpelelezi ataisoma.

Anayebaki nje ya mjadala ni mwenye redio ya mawasiliano, yaani kamanda anayetoa amri. Konstebo hajitumi mjini mwenyewe, wala hajigawii risasi halisi asubuhi. Mfano wa kumfikia kamanda tunao, ila unatoka Kisumu: mwaka 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliamua kuwashtaki maafisa kadhaa wa polisi, makamanda wakiwemo, kwa uhalifu dhidi ya binadamu, kutokana na ukandamizaji wa baada ya uchaguzi wa 2017, ambapo mtoto wa miezi sita alipigwa nyumbani kwao na kufa. Kesi hiyo imeahirishwa mara nyingi. Nikiwa kamanda wa Nairobi leo, hiyo ndiyo ningekuwa naifuatilia, kuliko hotuba yoyote ya waziri.